Mwalimu Kasema Niibe

“Mwalimu, kwetu hatuna wezi!” Mama alipiga meza ya ofisi ya walimu. “Mimi nauza duka hapa Tunduma, halafu mtoto anarudi anachekelea, eti leo nimeiba, mwalimu kanisifu! Kuanzia leo kucheza basi.”

“Mama, ni mpira wa mikono. Kuiba ni kunasa pasi ya wapinzani,” mwalimu alimweleza.

Binti yake alikuwa kando, machozi yakimlenga. Mimi niliishia kidato cha pili, sasa nasaidia mazoezi ya watoto hawa. Nikasema, “Na akishaiba, mama, anampa mwenzake.”

“Huyu? Anampa mtu?”

Uwanjani tunasahau kuwa maneno yetu yanafika majumbani bila mpira.

Mama akasimama mlangoni. “Haya, acheze. Ila hiyo ya kugawa mkazanie, mwalimu, maana nyumbani kitumbua hampi mtu.”