Mshenga wa Muhogo

Sili nyama tangu nina miaka saba, siku ya Idi walipomchinja mbuzi niliyemlea kwa mikono yangu na kumpa jina. Samaki nao nikawaacha mwaka huohuo, pengine kwa sababu walikuwa wananitazama. Tangu hapo nimekuwa nikijibu swali moja maisha yangu yote: "Hata kuku?" Ndiyo, hata kuku. Watu wa Dar wanaamini kabisa kwamba kuku si nyama, na nimeshachoka kubishana nao.

Nilipokwenda kuposa Kimbiji, ukoo mzima wa wavuvi ulinitazama kwa mashaka. Mjomba mmoja aliuliza kwa upole kama nina miiko ya uganga. Ni mama mkwe peke yake aliyenionea huruma. Aliingia jikoni akatoka na muhogo wa nazi, tui zito, pilipili nzima juu yake, akaniwekea mbele yangu. Nikala sahani mbili. Kuanzia siku hiyo, kila nilipomtembelea nilikula muhogo, au magimbi, au viazi vitamu, vyote vikiogelea kwenye nazi. Magoti yalipoanza kumsumbua akahamia kwetu Mbagala, na karamu ikawa ya kila siku.

Mwaka jana nikagundulika kuwa na sukari. Muuguzi wa kliniki, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alinisikiliza nikijisifu kwamba mimi nyama sili, majani ndiyo chakula changu. Akaniuliza jana nilikula nini. Nikamtajia. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, wewe huli majani. Wewe unakula mizizi."

Akanichorea sahani: nusu mboga za majani, robo maharage, kunde au choroko, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali au muhogo, usiozidi ngumi. Nikamuuliza ngumi ya nani. Hakucheka. Alinigusa nyayo kwa kijiti, akaniuliza kama nahisi, na kwenye vidole viwili vya mguu wa kushoto sikuhisi kitu. Hapo niliogopa kweli. Akasema nisipobadilisha sahani yangu, vidole vile vitaanza kuniaga.

Nyumbani nikatangaza kwamba nina sukari, na mama mkwe alichukua hatua palepale. Kopo la sukari alilihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda. Chai ikawa haina sukari kwa nyumba nzima, hadi wageni. Kisha, baada ya kunilinda hivyo kutwa nzima, jioni aliniletea sinia la muhogo wa nazi, akakaa mlangoni kuhakikisha nimemaliza.

"Kula, baba. Huu hauna sukari hata chembe."

Nilimwomba mke wangu azungumze naye. Akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea: "Mie mama yangu simwambii kitu kuhusu chakula chake. Usinitume kabisa." Akatoka kwenda kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Kumwambia mwenyewe ndiyo kabisa nisingeweza. Mwanamke alinipokea siku ambayo ukoo wake wote ulinishuku, akanipa chakula pekee nilichoweza kula. Leo nimwambie chakula hicho kinaniua? Nikala wiki tatu nyingine, na kila asubuhi nikijifungia chumbani kujitoboa kidole, kimashine cha kupimia sukari kinanitukana.

Ndipo nikamkumbuka mshenga wangu. Ndiye aliyepeleka posa yangu Kimbiji miaka ishirini na mbili iliyopita, na sasa ni fundi cherehani mstaafu, anaishi Kinondoni. Kwa desturi zetu mshenga hastaafu. Ndoa ikipata jambo zito, huyo ndiye wa kutumwa. Nikampigia simu, nikamweleza ishu nzima. Alifurahi mno, maana ulikuwa umepita muda mrefu hajatumwa popote.

Nilitegemea aje kama mtu anayepita njia. Alikuja Jumamosi alasiri na kanzu iliyopigwa pasi, koti juu yake, bakora mkononi, marashi yakimtangulia. Nami kwa kufuata taratibu nikajifungia chumbani, kwa kuwa mwenye haja hakai kikaoni. Nikatega sikio mlangoni; sebuleni alikaa na mama mkwe na mke wangu.

"Mama," akaanza, "nimetumwa. Kijana wenu ana jambo. Amelibeba moyoni muda mrefu, ameshindwa kulisema kwa kinywa chake. Anawaheshimu sana, hasa mkewe, na anaomba radhi zenu kabla hajachukua hatua."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Wa wapi?" mke wangu akauliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke anayetaka kumuoa. Wa wapi?"

Mshenga, badala ya kukanusha, akasema tusiende haraka, hakuna haja ya hasira, kila jambo lina mlango wake. Mzee wa watu alikuwa bado hajamaliza utangulizi. Mama mkwe akapaza sauti: "Ndiyo maana kila asubuhi anajifungia chumbani na kale kamashine! Kumbe anajiandaa kuoa!" Nikatoka mbio na msuli wangu kiunoni.

"Muhogo! Jamani, ni muhogo!"

Ilichukua muda kueleweka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mshenga akashikilia kwamba alikuwa anaelekea hukohuko kwenye muhogo. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza mara moja tu, "Muhogo ndio unaomdhuru?" Nikasema ndiyo, mama, ukizidi, na magimbi, na viazi pia. Akainuka polepole akaenda uani.

Nilimkuta kwenye mkeka wake, kisu mkononi, muhogo wa jioni ameumenya nusu.

"Baba yao naye alikuwa na sukari," akasema bila kunitazama. Baba mkwe sikumkuta; alifariki kabla sijaposa, na nyumba ile haikuwa na kawaida ya kumzungumzia. "Hospitali wakasema aache sukari. Nikamnyima sukari, baba. Hata asali nilimnyima. Wakamkata mguu. Nikaona labda anakosa nguvu, nikamzidishia muhogo."

Nikaelewa kwa nini mke wangu alikataa kutumwa. Nikavua kandambili, nikakaa naye mkekani, jambo ambalo sikuwahi kulithubutu.

"Mama," nikasema, "hakuna aliyekwambia."

"Hakuna," akajibu, akauweka muhogo chini. "Wote mlikuwa mnaniheshimu."