Mjane Aliyefungua Tangi Njiani kwenda Makaburini

Jeneza la Godefroid limo ndani ya Hiace kuukuu, na Hiace imezima katikati ya barabara.

Ni asubuhi ya Septemba, jua limeshakuwa kali. Msafara wa mazishi umetoka mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ukielekea makaburini. Dereva, David, anazungusha ufunguo. Injini inakohoa, inawaka, inakwenda mwendo mfupi, kisha inazima tena.

Akina mama waliokuwa wakiimba wananyamaza. Mama Chileshe, shangazi wa marehemu, anapiga mlango wa gari kwa kiganja.

"Godefroid anakatala kwenda!" anasema, na sauti yake inavuka barabara. "Kuko muntu hapa alimukosea. Aseme!"

Kila aliyepo anaelewa. Gari la jeneza likigoma, husemwa kwamba maiti ndiye anayegoma, na macho huanza kumtafuta mwenye kosa. Mara nyingi hayaendi mbali. Leo yanamwendea mjane, Christiane Mwelwa, aliyeketi kwenye mkeka sakafuni mwa gari kando ya jeneza, kitambaa kimemfunika kichwa hadi kwenye nyusi.

Kwa desturi ya familia hii, mjane haondoki kwenye mkeka wake wala hasemi na watu mpaka mumewe afukiwe. Christiane anasimama. Anashuka.

"David, mu bouchon uliweka nini?"

"Maman?"

"Bouchon ya mafuta. Uliweka nini?"

"Sabuni, maman. Juu ya vumbi ya njia ya Kasomeno, isiingie."

Anazunguka ubavuni mwa gari, anashika kifuniko cha tangi na kukifungua taratibu. Tangi linavuta pumzi ndefu, fyuuu, mbele ya waombolezaji wote. Christiane anachomoa pini kwenye kitambaa chake, anachokoa sabuni iliyoziba kitundu cha kifuniko, anakirudisha mahali pake.

"Washa."

Hiace inawaka, na haizimi tena mpaka makaburini. Hakuna anayemshukuru.

"Balisema nimemufukuza bwana yangu," Christiane anasimulia sasa, asubuhi moja karakanani, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. "Bengine baliacha kunisalimia palepale ku kilio."

Kwake yeye, kutokuwepo kwa Godefroid, aliyekuwa fundi wa magari, kulianza pale barabarani, si hospitalini alikofia. "Ku hôpital nilikuwa na kazi ya kumuchunga. Ku kilio bantu balijaa. Lakini motokari ilipokufa mu njia, niligeuka kumuita aje atazame. Halafu nikakumbuka, njo yeye tunabeba."

Christiane ana miaka arobaini na mitatu. Baba yake alifanya kazi kwenye reli, na familia yao ni ya Wakatoliki waliotoka kaskazini mwa Katanga. Hakusomea ufundi. Alikuwa akimpelekea Godefroid chakula karakanani, na kwa kuwa mumewe hakuwa na haraka ya kula, alikaa na kutazama. Baadaye alianza kumshikia taa. Baadaye zaidi ni Godefroid aliyeshika taa.

Karakana yao iko mtaa wa Kenya, nyuma ya kanisa dogo ambalo kwaya yake hufanya mazoezi karibu kila siku. Ina bati juu, mafuta meusi chini, na magari ambayo wengine wangeyaita chuma chakavu. Hapa hakuna gari jipya. Christiane anasema magari ya zamani yana tabia kama za wazee: yanataka kusikilizwa kabla ya kupasuliwa.

Godefroid alikuwa na kanuni moja: kabla ya kugusa injini, fungua kifuniko cha tangi usikilize.

"Moteur inakunywa mafuta," Christiane anaeleza, "na rezervuar nayo inakunywa hewa. Ukiifunga kinywa, itakufa."

Mafuta yakipungua ndani ya tangi, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Katika magari mengi ya zamani huingia kupitia kitundu au kilango kidogo kwenye kifuniko. Kikiziba, tangi hubaki likivuta utupu, pampu inashindwa, na gari linazima kama lililoishiwa mafuta. Likipumzika kidogo, hewa hupenya polepole na gari linawaka lenyewe. Ndiyo maana watu hulaumu pampu, au kabureta, au marehemu.

Sabuni ya mche haikosekani kwenye gari lolote la barabara ya Kasenga, ile inayopita Kasomeno. Tangi likipasuka mbali na fundi, dereva husugua sabuni kwenye ufa na mafuta huacha kuvuja. Ni ujanja mzuri. Kosa huja pale dereva anaposikia harufu ya petroli kwenye kifuniko, au anapoogopa vumbi, akakipaka sabuni hiyohiyo. Mjini mara nyingi gari linakwenda vizuri. Linazima porini.

Wakati wa joto la Oktoba shida hugeuka. Petroli hutanuka, na tangi lisilopumua husukuma badala ya kuvuta. Christiane hufungua robo mzunguko tu, uso ameugeuza pembeni, hataki sigara karibu. Godefroid aliwahi kurushiwa petroli machoni kwa kufungua haraka. "Alizungukazunguka hapa kama kuku," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka.

Anakatizwa na Myriam, mfanyabiashara wa vitenge wa mtaa wa Kampemba, anayeingia na Corolla iliyowasha taa ya injini.

"Ma Christiane, hii taa inaniangalia tangu Pasaka. Balishabadilisha bintu mingi, na iko pale tu."

Christiane hafungui boneti. Anafungua kifuniko cha mafuta, anapinda mpira wake kwa kidole, na mpira unakatika.

"Hii ni mukate ya juzi," anasema.

"Njo hiyo tu?"

"Sijue bado. Hewa inapita hapa, na hii motokari inachunga hewa ya rezervuar yake. Tubadilishe, utembee nayo siku kidogo. Kama taa haizime, urudi, tutafute tena."

"Na kama inazima?"

"Urudi vilevile, uniletee kitenge."

Mazungumzo kama hayo yalikaribia kutoweka. Desturi nyingine ya familia ni kwamba matanga yakimalizika, ndugu hugawana vitu vya marehemu. Gauthier, mdogo wake Godefroid, anayeuza samaki Kasomeno, alikuja na gunia tupu kuchukua funguo za ufundi zote.

"Shemeki, bintu ya yaya yangu Godefroid ni ya familia," alisema.

"Beba," Christiane alimjibu. "Lakini ubebe na bantu benye kuletaka motokari. Utabajua majina?"

Gauthier alikubali kusubiri msimu mmoja wa kiangazi. Kama kufikia mvua za mwaka unaofuata karakana itakuwa tupu, vitu vigawanywe na kiwanja, kilichokuwa cha kukodi, kirudishwe kwa mwenyewe. Mama Chileshe alisema itakuwa tupu. Nani angempa gari mwanamke aliyevunja mkeka wa kilio?

Mwanzoni shangazi huyo alielekea kuwa sahihi. Wateja wa zamani walipita na kupungia mkono bila kusimama. Christiane aliendelea kufungua kila asubuhi, akavaa ovaroli ya mumewe, akakaa. Siku nyingine alisafisha funguo ambazo hazikuwa zimechafuka.

Waliomwokoa ni madereva wa Kasenga. David alikuwa amesimulia kisa cha jeneza kwenye kituo cha magari, lakini simulizi iliongezwa chumvi njiani, na walioanza kuja walitaka dawa.

"Maman, gusa tu bouchon," dereva mmoja, Ariel, alimwambia. "Minaenda Kasenga leo."

"Miye siko nganga."

"Gusa tu! Nikilala mu pori na simba, utaniletea chakula?"

"Simba ya wapi? Kule kuko ndizi tu."

Aligusa. Alikuta tangi la Ariel lina kifuniko cha gari jingine, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni na kamba ya mpira, akakataa kumruhusu Ariel kuondoka mpaka apate kinachofaa. Ariel alienda Kasenga na kurudi bila kuzima njiani. Wiki iliyofuata alileta wenzake wawili. Nao walitaka vifuniko vyao viguswe tu.

"Nimebaambia bote: si mukono yangu, ni tundu," Christiane anasema. "Basi, bakuje juu ya mukono, batarudi juu ya tundu."

Mwezi uliopita, mvua za kwanza ziliponyesha, familia ilikutana nyumbani kwa Mama Chileshe, Kampemba. Gauthier alikiri kwamba kila alipopita alikuta magari. Lakini shangazi alikuwa na lake: kwanza Christiane atoe kuku mweupe na kitenge, na aseme mbele ya wote kwamba alifanya kosa kusimama siku ile.

Christiane alikuwa amekuja na kuku chini ya kwapa. Alimweka sakafuni, akaweka na kitenge.

"Hii ni yenu, juu ya heshima," alisema. "Kusema nilikosa, hapana. Mulitaka tumulaze mu barabara?"

Kisha Mama Chileshe alivuta kitenge, akakipima kwa macho, akasema kuku amekonda.

Hakuna aliyerudi tena kwenye suala la kosa.

Christiane sasa anapanga kuagiza mipira ya vifuniko kutoka kwa wauza vipuri, na kwenda kituoni alfajiri kuyakagua magari ya Kasenga kabla hayajapakia. Wenye magari wengine wamekubali. Wengine wanasema watafikiri.

Familia iligawana hivi: Gauthier alichukua jeki na mashine ya kuchomelea, akaenda nazo Kasomeno. Funguo na kiwanja vilibaki kwa Christiane. Gari likihitaji kuinuliwa, anaazima jeki kwa fundi wa matairi aliye jirani, na anairudisha kabla jirani hajafunga.