Tundu la Tatu la Danson Mwakio

Danson Mwakio alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge karibu na Mwatate. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupanda mnara wa pampu ya upepo kuipaka grisi. Huko juu, mapanga ya pampu yakizunguka mbele ya uso wake bila injini wala mkono wa mtu, alikuwa akisahau kushuka.

Ndiko alikopata wazo la otojairo. Ndege hiyo ndogo hufanana na helikopta, lakini mapanga yake ya juu hayazungushwi na injini. Chombo kikienda mbele, upepo wenyewe huyazungusha, nayo hukiinua. Danson alitumia miaka tisa kuchora ya kwake, na hakuwachorea wahandisi. Alitaka vipande vyote vikae katika sanduku moja, na mtu yeyote mwenye spana tatu na subira aviunge nyumbani kwake.

Mwezi wa Mei 1976 alilipeleka sanduku la kwanza kwa Tryphena, mke wa kaka yake, aliyekuwa na duka la kushona nguo Mwatate.

"Kwa nini mimi, shemeji? Ndege mimi naijua ikipita tu."

"Ndiyo sababu. Ukiiunga bila mimi kusema neno, yeyote ataiunga. Ukikosea hata mara moja, nachoma michoro. Siwezi kumuuzia mtu kaburi."

Kwa siku sita Tryphena alisoma mchoro na kukaza nati. Danson alikaa kwenye kigoda, mikono ameikalia, asije akaonyesha kitu kwa kidole.

"Shemeji, unapumua kama fahali," Tryphena alimwambia. "Nenda ukapumulie nje."

Siku ya sita alifuta mikono. "Haya, kagua."

Danson alikagua nati moja moja. Alipofika kwenye mapanga, aliona kosa. Moja lilikuwa limefungwa chini juu, ukingo wake mwembamba umetangulia mahali pa ule mnene. Ndege hiyo ingemwangusha mtu. Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Unaenda wapi na michoro?"

"Jikoni kwako. Kuna moto."

Tryphena alimpokonya karatasi, akafungua boliti, akaligeuza panga upande huu na upande ule. "Tazama. Matundu mawili, yote katikati. Hivi linaingia, na hivi linaingia. Ningejuaje?"

"Nitaandika onyo."

"Onyo atalisoma nani akishachoka?" Alichukua mkono wa shati la shule ambao haujashonwa. Pembeni ulikuwa umechanjwa kwa mkasi, mbele mara moja, nyuma mara mbili. "Shati lenyewe limechanjwa hivyo hivyo. Msichana anayenisaidia kushona akiugeuza mkono, alama hazikutani. Kitambaa chenyewe kinamkatalia. Nisipokata alama, kosa si lake. Ni langu."

Danson aliushika mkono ule wa shati, akazipapasa alama zake.

Alichonga mapanga mapya kwa miezi minne, kwa kumbukumbu tu, maana michoro Tryphena alikuwa ameificha isichomwe. Safari hii alitoboa tundu la tatu, karibu na ukingo mnene. Tryphena akajaribu kwa makusudi kulifunga panga kinyume. Alisukuma boliti, akaegemea kwa goti, akaitukana kwa Kidawida, lugha ya kwao. Haikuingia.

"Limekataa!" alipaza sauti, kana kwamba ameshinda yeye. "Shemeji, limekataa kabisa!"

Jumamosi iliyofuata waliipeleka ndege Voi, kwenye uwanja mpana. Nyongesa, rafiki yao aliyefanya kazi kwenye reli, aliifunga kwa kamba nyuma ya pikapu, maana haikuwa na injini bado. Danson akaketi, akajifunga mkanda. Pikapu ikaenda taratibu.

Mwanzoni mapanga yalizunguka kivivu, kama yale ya pampu asubuhi. Kisha yakashika upepo, na hayakuonekana tena. Juu ya kichwa cha Danson palibaki duara jembamba la mwanga, likivuma. Magurudumu yakaacha nyasi. Hakuna kilichoyazungusha mapanga yale ila hewa, na hewa hiyo hiyo ikambeba mtu mzima mpaka kimo cha paa la nyumba, akaning'inia hapo huku milima ya Taita ikiwa nyuma yake.

Tryphena aliweka kiganja kifuani. "Zile nati," alisema polepole, "nimezikaza mimi."

Danson aliposhuka, alimwendea Tryphena moja kwa moja. "Michoro uliificha wapi?"

"Chini ya cherehani. Njoo uichukue."