Klever Hapigi Hodi

Klever alizaliwa mweupe pee, nywele kama sufu ya kondoo, na mama yake, Tránsito, hakuwa na mume. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Msichana akipitiwa na usingizi malishoni chini ya Chimborazo, mlima wenyewe humtembelea, naye huzaa mtoto albino. Padri alicheka, mwalimu alicheka. Wacheke! Sisi tulimwita mwana wa Baba Chimborazo, naye akakua akiamini hivyo, kichwa juu.

Mimi ni Zoila, dereva wa pikapu inayopandisha baiskeli hadi kwenye theluji. Klever ndiye anayewaongoza wageni kushuka. Huko juu unavuta pumzi unapata nusu, mawingu yako chini ya miguu yako, na unajisikia unaota huku macho yako wazi. Kabla ya kushuka, kila mtu humwaga pombe ya miwa kidogo ardhini, akamtajia Baba jina lake na kilichomleta. Ukimdanganya utaanguka tu, na nimeshaokota wengi. Klever peke yake hamwagi.

"We mtoto, huna adabu!" namwambia kila siku.

"Shangazi, nani anapiga hodi kwao?" Kisha hutazama juu. "Baba, tunashuka." Na huyo, anaachia breki.

Siku moja akaja mzee wa mjini, Eliseo, peke yake, kavaa vizuri, anajikongoja.

"Babu, hii si baiskeli ya kwendea sokoni," nikamwambia.

"Nitashuka hata kwa makalio, mama."

Nikampenda hapohapo, Mungu anisamehe.

Kule juu ilipofika zamu yake, alivua helmeti, akamwaga, akatazama kileleni. Upepo nao ulikuwa umetulia. Nilidhani kasahau maneno.

"Baba Chimborazo, mimi ni Eliseo. Zamani nilikuwa nanunua sufu huku. Nilimpa mimba Tránsito, mchunga kondoo, nikakimbia. Nimekuja kumwona mwanangu kabla sijafa."

Klever alimkaza mzee kamba ya helmeti chini ya kidevu, taratibu, kama anavyomkazia mgeni yeyote.

"Kaa nyuma yangu," akasema. "Usibane breki ya mbele ghafla."

Wakazama ndani ya ukungu. Nilifuata na pikapu polepole, nikiwaona na kuwapoteza, vivuli viwili vikielea juu ya majivu meusi ya volkano, mmoja mbele, mmoja nyuma. Sikusikia ila matairi yakisaga changarawe. Alpaka, wanyama wa sufu wa kwetu, waliinua shingo, wakawatazama wakipita, wakarudi kwenye majani yao. Nilitamani njia ile isiishe, maana nilijua chini kuna maneno.

Mzee hakuanguka. Tulipofika chini alinyoosha mkono, nao ukapokelewa.

"Umeshuka vizuri, mzee," Klever alisema, akageuza baiskeli kuelekea kwao.

Nami na umbea wangu nikamfuata. Tránsito alikuwa jikoni anakoroga uji wa shayiri.

"Mama, Eliseo ni nani?"

Mwiko ukasimama.

"Kaja?"

"Kaja. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanidanganya!"

"Mwanangu, ulitaka baba. Kila siku unaniuliza, baba yuko wapi, baba yuko wapi. Yule alikuwa ameshaondoka. Nikachungulia mlangoni, nikatazama ni nani hajaondoka."

Klever alikaa chini, akalia kwa kwikwi kama mtoto. Mimi nililia vilevile, nikasingizia moshi.

Kesho yake tulipanda na wageni wengine. Hakutania njia nzima. Akimwaga leo, nilijiambia, basi kakubali kuwa hapa si kwao, yeye ni mpita njia kama sisi sote. Wageni walimwaga mmoja mmoja. Chupa ikamfikia. Aliishika, akaitazama, akaifungua, nami nikageuza uso, sikuweza kuangalia.

Nikasikia kifuniko kinarudishwa.

"Shika chupa yako, shangazi." Macho yalikuwa mekundu. Akatazama juu. "Baba," akasema, "tunashuka."

Akaachia breki. Nilimsindikiza kwa macho kona baada ya kona, hadi akawa nukta, hadi chini kabisa.

Hakuanguka.