Jogoo Mwekundu wa Marselino

Siku watu walipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara iendayo Laela, kila mtu alipanda lori na vyungu vyake. Marselino alipanda amempakata jogoo mwekundu. Walimcheka njia nzima, na nani asingecheka?

Kumbe manyoya ya jogoo yule ndiyo zana zake za kuvulia samaki. Zamani, walipoishi juu kwenye kijito cha baridi, padri mmoja mzungu alimwaga humo vifaranga vya samaki wa kwao, trauti, wenye madoa ubavuni. Samaki hao huwinda samaki wadogo. Padri akamfundisha Marselino kuwatengenezea samaki wa uongo kwenye ndoano: unyoya wa shingo ya jogoo uwe mgongo, manyoya meupe ya mbuzi yawe tumbo, na ubavuni ukanda wa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Padri alirudi kwao, samaki wakabaki. Majirani hawakuwagusa; samaki mwenye madoa, walisema, ana ugonjwa wake. Marselino na bintiye Paskalia wakawafaidi peke yao. Albina, mkewe, aliwapika ila hakuonja.

Kijijini nyumba zilibanana, na mvua za kwanza zikaja na surua. Ikampata Paskalia. Mganga wa zahanati alisema upele unaisha, sasa kazi ni kumlisha. Mtoto akakataa uji, akakataa maharage. Alitaka samaki wa kijitoni.

Marselino akamng'oa jogoo unyoya, akafunga samaki wake wa uongo, akashika njia ya kijitoni alfajiri. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imeota magugu hadi jikoni, hakutaka kuitazama. Alitupa ndoano chini ya mwamba, akaivuta kwa kushtuashtua, vuta, acha, kama kidagaa kilichoumia, mpaka mshipi ukakaza. Alipata mmoja tu, akarudi karibu anakimbia.

Albina alipomwona samaki alirudi nyuma. "Baba Paskalia, madoa ya surua hayajamwisha mtoto mwilini, na wewe unamletea samaki wa madoa?"

"Mama Paskalia, hawa amewala tangu aote meno. Ameomba mwenyewe."

"Basi mpikie wewe. Mkono wangu haumo."

Akampika. Paskalia alikula ubavu mzima, akalamba vidole, akacheka kidogo. Marselino alifurahi hata akatoka nje machozi yake yasionekane. Kesho yake kifua kilimbana mtoto, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki.

Majirani walisema ya kusema. Albina hakusema neno. Surua ilichukua na watoto wa nyumba ambazo hazikuwahi kumwona trauti, na Marselino alilijua hilo, lakini halikumpoza. Kilichompoza ni ukimya wa mkewe. Kama mama mtu hanilaumu, alijiambia, basi huenda sikumuua. Matanga yote aliishikilia faraja hiyo.

Matanga yalipokwisha, alirudi siku moja kutoka shamba la kijiji akakuta harufu ya nyama. Nje ya jiko, jivuni, kulikuwa na manyoya mekundu yaliyoungua, ya shingoni pamoja na ya mkiani.

Albina alimtengea ugali, akampakulia mapaja yote mawili.

"Kula, Baba Paskalia," alisema.

Alikula. Nyama ilikuwa ngumu, na Albina hakuonja.