Maji ya Ndizi ni ya Bibi

Usiku ule nililala na hasira, na nadhani ndiyo maana Bibi alinipata haraka.

Jioni nilikuwa nimempikia Baba ndizi kama nesi alivyonielekeza kule anakosafishwa damu. Unamenya, unakata vipande vidogo, unaloweka, unachemsha kwa maji mengi, unayamwaga, kisha unachemsha tena kwa maji mapya. Figo za Baba hazifanyi kazi. Ile chumvi iliyomo ndani ya ndizi, ambayo mimi naitoa kwa mkojo bila kujua, kwake hubaki kwenye damu mpaka inaufikia moyo. Safari iliyopita moyo wake ulienda ovyo akiwa amekaa tu kwenye benchi. Nesi alinivuta pembeni. "Binti, moyo huu unaweza kusimama bila kupiga hodi."

Baba alionja kidogo, akasukuma sahani.

"Hiki chakula cha mahabusu."

Shangazi Koku, dada yake, alikuwa amekuja kumjulia hali. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka. "Hapa kwetu nani anamwaga maji ya ndizi? Hata mgeni usiyemtaka humpi ndizi zilizofuliwa kama soksi!" Akafungua hotpoti yake. Ndizi na maharage, mchuzi mzito mwekundu wa nyanya. Harufu yake hata mimi ilinitoa mate.

"Koku, mtoto atanuna," Baba alisema, huku anasogeza bakuli. "Ila kesho si naenda kwenye mashine? Itasafisha yote. Acha niipe kazi."

Alikula kidogo. Mchuzi uliobaki, yaani maji yenyewe ya ndizi, alisema atakunywa asubuhi kabla ya kuondoka, apate nguvu za safari. Mimi si mtu wa kusema. Nilienda kulala bila kula.

Nikawa jikoni. Lakini jiko halikuwa na kuta, lilikuwa katikati ya kibanja, kwenye migomba. Bibi, mama yake Baba, tuliyemzika kwenye kibanja hicho hicho, ameketi kwenye kigoda chake anamenya ndizi. Vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu. Hanisalimii. Namwamkia, anaitikia kwa kichwa tu.

Nimeshika sufuria yangu, naificha nyuma ya mgongo. Bibi alipokuwa hai alinichapa mkono kwa mwiko siku niliyomwaga maji ya ndizi. Alisema utamu wote uko humo.

"Bibi, mwambie wewe," nasema. "Wewe anakusikia."

Anamenya.

"Nimechoka, Bibi. Napika anasukuma. Napika anacheka. Shangazi anakuja na hotpoti yake, mimi naonekana mchawi!"

Anamenya tu. Nikapiga kelele, mimi ambaye hata dukani huulizwa mara mbili nimesema nini: "Bibi! Atakufa!"

Kisu kikasimama.

Sasa mashine ya hospitali iko pale penye mafiga, mipira yake myekundu imeingia kwenye chungu. Baba amelala kwenye mkeka, mdogo kama mtoto anayeanza kutambaa, ananyoosha mkono kwenye chungu. Bibi hamtazami. Ananitazama mimi.

"Leta."

Naitoa sufuria. Nasubiri mwiko. Anaipokea, anainuka taratibu kama alivyokuwa akiinuka na magoti yake mabovu, anakwenda mpaka kwenye kaburi lake mwenyewe. Anainamisha sufuria. Maji ya ndizi yanashuka na mvuke wake, udongo unayanywa, nasikia sauti ya mtu anayemeza.

"Haya ni yangu," anasema. "Mimi sina moyo wa kusimama."

"Mwambie mwenyewe, Bibi."

"Unayepika ni wewe." Anajifuta vidole kwenye jani la mgomba. "Mwambie asiniibie."

Nataka kumuuliza jambo jingine, lakini anageuka, na migomba inamfunika, na mahali fulani kifuniko kinagonga.

Kifuniko kiligonga kweli. Kulikuwa kumepambazuka. Nilikimbia bila viatu. Baba alikuwa mezani, amevaa shati lake la hospitali, lile la mikono mifupi, hotpoti iko wazi, bakuli liko karibu na mdomo.

"Baba, weka chini."

Sauti ilinishtua hata mimi. Alinitazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema.

"Bibi amekuja," nikasema. "Amesema maji ya ndizi yote ni yake sasa. Amesema usimwibie."

"Amesemaje?"

"Usimwibie."

Alikaa na bakuli mkononi. Midomo yake ilianza kucheka, ikaacha. Kisha akalisukuma kwangu, juu ya meza, polepole.

"Mpelekee," alisema. "Unamjua akikasirika."

Nililichukua. Hasira ilinirudia kidogo: siku zote hizi nachemsha na kumwaga, hakuna anayesikia, na marehemu kasema mara moja tu. Hata hivyo nilikwenda kibanjani, nikachutama penye kaburi, nikamimina kidogo kidogo, Bibi asije akapaliwa.