Taa ya Upande Wangu

Wakenya wenzetu wa Johannesburg wakistaafu huwa na neno moja tu mdomoni: kujenga nyumbani. Mume wangu alistaafu akanunua boti.

Si boti ya mbio wala ya kuvulia samaki. Ni nyumba ya chuma inayoelea, ndefu na nyembamba kama zile za mifereji ya Uingereza, na ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mzungu mmoja mzee aliiunda uani kwake, akaishusha kwenye mto Vaal, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Midrand tulikokuwa tukiishi, kisha magoti yakamshinda. Mume wangu aliiona mara moja tu, akarudi nyumbani akizungumza kama kijana aliyekubaliwa posa. Mpenda chongo huita kengeza: kutu aliiita rangi ya zamani. Kwenye ushirika wetu wa maombi walitucheka mpaka tukazoea. "Wenzenu wanachimba msingi," mama mmoja aliniambia huku akinimiminia chai, "ninyi mnanunua kitu kisichotulia mahali pamoja."

Mimi sikucheka wala sikugomba. Nilimuuliza mume wangu swali moja: "Usiku kuna taa?"

Hapo lazima nieleze. Mama yangu alifariki nikiwa msichana, kijijini kwetu, usiku ambao mafuta ya taa yalikuwa yameisha nyumbani. Baba alikuwa ametoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Nilikaa kando ya kitanda nimemshika mama mkono gizani, namzungumzisha, na uso wake niliuona kulipokucha. Mpaka leo sijui mkono ule ulipoa saa ngapi. Tangu siku hiyo silali gizani. Nililala na taa chuoni, nimelala na taa katika ndoa, na ile miaka ya umeme kukatwa kwa zamu hapa mjini sisi tulikuwa wa kwanza mtaani kununua betri. Majirani walidhani tunajivuna.

Kwa hiyo mume wangu aliijua bei ya kuishi nami mtoni. Taa moja, upande wangu wa kitanda, iwake mpaka asubuhi. Bila hiyo yeye angekaa mtoni, mimi Midrand, tukutane Jumapili kanisani kama wachumba, na kwa umri wetu Jumapili si nyingi. Alikuwa akiliogopa jambo hilo. Mimi pia.

Umeme wa boti ni wa jua. Paneli ziko juu ya paa, betri iko chini ya ngazi, na kati yao kuna kontrola. Hicho ni kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kuilisha betri kadiri inavyohimili. Betri ikikaribia kuisha, kontrola hukata taa na friji ili betri yenyewe isife. Ile ya mzee ilikuwa imeliwa na unyevu. Mume wangu akaenda Marshalltown, katikati ya jiji, akanunua nyingine kwa mchuuzi wa kando ya barabara, nayo ilikuwa imebandikwa zile herufi zinazotafutwa, MPPT, za aina inayokamua jua hata siku ya mawingu. Nimefanya kazi Marshalltown miaka mingi. Pale nitanunua soksi, nitanunua mahindi ya kuchoma, lakini sinunui kitu nisichoweza kukifungua nikaona ndani. Nikamwambia hivyo.

"Mama watoto," akasema, "wewe humwamini mtu."

Kweli, simwamini.

Tulikwenda kulala botini mara ya kwanza Desemba, msimu wa mvua za radi, mbingu ikiwa imefunga tangu asubuhi. Taa ilizimika tukiwa hatujapata hata usingizi. Usiku ule sitausimulia. Nitasema tu kwamba kulipokucha nilikuwa nimeketi ndani ya gari, na mume wangu alikuwa amesimama nje ya dirisha na kikombe cha chai ambacho sikukipokea. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hilo ningemsamehe kabla hatujafika kwenye taa za kwanza za barabarani mjini, roboti kama zinavyoitwa huku. Kilichoniuma ni kwamba aliniahidi.

"Sirudi tena," nikamwambia.

Ikawa hivyo. Kila mwisho wa wiki alikwenda mtoni peke yake, na sikumuuliza anafanya nini huko. Nyumba ya Midrand ilikuwa na taa kila chumba, na ilikuwa mbaya kuishi. Nilipika chakula cha wawili nikakila siku mbili. Mwishowe ni mimi niliyesema, "Haya, twende tukatafute kontrola ya kweli." Alichukua funguo za gari haraka, nadhani aliogopa nitabadili mawazo.

Tulielekezwa mtaa wa La Rochelle, kusini mwa jiji, kwa Mkongo mmoja wa Lubumbashi mwenye duka dogo la vifaa vya sola. Mtu wa shati lililopigwa pasi kali, viatu vya kung'aa, na mdomo usiojua kituo. Alituuliza paa lina upana gani, paneli ni ngapi, kama kuna miti ya kutia kivuli.

"Paa iko nyembamba, paneli ni mbili tu," akasema. "Hapo, mama, hauwezi kutupa jua hata kidogo. Ile kontrola ya kawaida itapoteza umeme yako bure. Minakuambia ukweli."

Kisha akaweka mezani visanduku viwili, vyote vimeandikwa herufi zilezile. "Kamata," akaniambia. Nikakamata. Cha kwanza kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Cha pili kilinivuta mkono.

"Ya kweli iko na koili kubwa ndani, na chuma ya kutoa joto," akasema. "Haiwezi kuwa nyepesi. Karatasi ya kubandika, kila mutu anaweza kuchapa."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Desemba. Nimekulia kwenye kibanda cha mboga cha mama, na mtu aliyekulia hapo haangalii kabichi kwa macho, anaipima mkononi. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama dari. Yule bwana alipoona tumelainika akataka kutuuzia kontrola kubwa kupita zote, ya kutosha kanisa na spika zake. Nikamwambia boti yetu haina kwaya. Tulivutana naye mpaka tukachukua ya kati, nzito, inayobakiza uwezo kidogo wa akiba.

Jumamosi alikuja mwenyewe kuifunga, na viatu vyake vilevile. Nilikwenda pia, nikaketi kwenye ngazi za boti nikiangalia. Alifungua ubao uliofunika betri, akachungulia, akaufuata waya mmoja kwa kidole.

"Papa," akamuuliza mume wangu, "nani alifunga hii waya?"

"Mimi."

"Lakini imepita pembeni! Imetoka kwa batri, imeenda moja kwa moja kwa taa ya kitanda. Kontrola haiioni! Umeme ikiisha, friji itakatwa, pampu itakatwa, yote itakatwa, lakini hii taa itanyonya tu mpaka batri ikufe. Unajua bei ya batri, papa?"

"Naijua."

"Eish! Sasa?"

"Betri nitanunua nyingine," mume wangu akasema. Alisema akitazama koleo mkononi, si mimi. "Hiyo taa isizimike."

Basi ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya peke yake zile wiki zote. Mtu anayebana matumizi hadi kukunja mifuko ya plastiki aitumie tena alikuwa tayari kuua betri kila mawingu yakija, na hakuwa ameniambia. Nilimpenda pale kwenye ngazi, magoti yakiniuma, kuliko siku ya harusi yetu.

Fundi akanigeukia, kama vile mimi ndiye hakimu.

"Irudishe kwenye kontrola," nikasema.

"Una hakika?" mume wangu akauliza.

"Sina. Irudishe tu."

Tumehamia mtoni tangu Pasaka, na nyumba ya Midrand tumeipangisha. Kontrola iko ukutani juu ya ngazi, na mume wangu huikagua kila jioni kabla hajavua viatu. Akina mama wa ushirika bado wanatucheka, ila sasa wanauliza watakuja lini. Taa ya upande wangu haijazimika hata mara moja. Lakini Desemba inarudi na mvua zake, na najua kuna usiku itazimika. Usiku huo nitanyoosha mkono. Mkono wa mume wangu huwa wa moto hata Juni, baridi ya huku inapokuwa kali.